Uwanja Usiofagiwa

Kijiti cha kupimia unyevu kilisoma sifuri. Nikakichomoa, nikakipangusa kwenye sketi, nikakichoma tena hatua mbili mbele, chini ya mlonge, mahali ambapo hata udongo mkaidi huwa na neno la kusema. Sifuri tena. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye uwanja wa nyumba ya tisa, mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye magoti ya miaka themanini, na kwa dakika nzima sikuona sababu ya kuinuka.

"Udongo umekufa?" aliuliza Mwanahamisi, mwenye nyumba.

"Haujafa. Umelala na kiu."

"Na sisi tumelala na kiu, bibi udongo, lakini tumeamka tukaenda kazini."

Mwanahamisi ni msusi, na wasusi huongea huku mikono ikifanya jambo lingine. Alikuwa akichuma matembele yaliyonyauka na kuyarudisha chini, maana alijua kwamba jani likishakauka si mboga tena, ni matandazo. Uwanja wake ningeweza kuuonyesha kwa wageni. Majani makavu, mabua ya mtama na maganda ya karanga yalifunika ardhi unene wa vidole vinne, kutoka kwenye uzio hadi kizingitini. Maji ya kuoshea vyombo yalipita kwenye changarawe yakaishia kwenye shimo la migomba. Kila nilichomfundisha alikifanya, na bado kila alichopanda kilikuwa kinakauka.

"Nenda kamwambie yule bibi," alisema. "Mimi nikienda nitavunja adabu."

Mistari yetu hapa Chilewa, nje kidogo ya Dodoma, imepangwa nyumba kumi na mbili kumi na mbili kufuata mteremko. Chini ya viwanja vyote kumi na viwili kuna kiumbe kimoja, kuvu yenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, iliyofundishwa maabara kufanya kazi ambayo mabomba yalishindwa kuifanya visima vilipokauka. Alfajiri hunyonya umande kwenye matandazo, mchana hunywa maji machafu ya jikoni, na muda wote husukuma maji kutoka uwanja wenye ziada kwenda uwanja wenye upungufu. Tunauita utando. Hauna pampu, hautaki umeme. Unataka blanketi tu. Ardhi ikiachwa wazi kwenye jua letu hufika nyuzi joto sitini na tatu, na utando huiva kama yai. Ukikatika kwenye nyumba moja, nyumba zote zilizo chini ya hiyo zinabaki na mgao wa serikali, ambao unatosha kunywa na kunawa uso.

Ndiyo maana kwa miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa kuwaambia watu waache kufagia. Jaribu wewe. Mwambie mama aliyelelewa kushika fagio kabla ya kikombe cha uji kwamba uwanja mweupe, uliofagiwa hadi michirizi ya fagio ikaonekana, sasa ni uchafu, na kwamba uwanja wenye majani ndio usafi. Nimeitwa mvivu. Nimeitwa mfuga nyoka. Nimewahi kufukuzwa kwa fagio hilohilo nililokwenda kulikataza. Mwishowe walikubali mmoja mmoja, wala si kwa hotuba zangu, ila kwa sababu mchicha wa jirani ulikuwa umestawi na wao walikuwa na macho.

Katika mstari huu, wa Saba, alibaki mmoja ambaye hakukubali, na nyumba yake ilikuwa ya sita, katikati kabisa.

*

Nilimsikia kabla sijamwona. Chwa, chwa, chwa, taratibu, bila haraka ya mtu anayetaka kumaliza. Mama Masima alikuwa ameinama, mkono mmoja mgongoni, mwingine umeshika fagio la vijiti, akirudi kinyumenyume kutoka mlangoni kuelekea barabarani ili asikanyage alikofagia. Mbele yake ardhi ilikuwa wazi, nyekundu, safi kiasi kwamba ungeweza kuanika ulezi bila mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita pembeni, usinikanyagie."

Nilipita pembeni. Alinitolea kigoda na uji wa uwele, akakaa juu ya jiwe kando yangu, akalilaza fagio miguuni. Ana miaka sabini na minane. Nilikuwa nimeshampa maonyo matatu kwa maandishi.

"Barua zako nimezisoma," alisema kabla sijaanza. "Zimeandikwa vizuri. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Chidumizi, wa Mvumi."

"Basi umelelewa."

Nilikunywa uji. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika. Mwaka uliotangulia nilimchimbia mtaro kando ya uzio kwa mikono yangu, nikaujaza mabua, nikaufunika kwa mawe bapa, nikitumaini utando utapita pembeni naye abaki na uwanja wake. Ulipita wiki tatu. Kisha joto la katikati likaufuata hukohuko pembeni, na mtaro wote ukanuka uyoga uliooza.

"Mama, nyumba sita za chini hazina maji. Oktoba ikifika hawatakuwa na jani la kuchuma. Itabidi wahamishwe wao, au uhamishwe wewe."

"Kwenye yale maghorofa ya serikali."

"Ndiyo."

"Huko kuna uwanja?"

"Hakuna, mama."

Alitazama barabarani. "Sasa akija atajuaje kwamba niko salama?"

Nilijua habari za mwanawe, kama kila mtu alivyojua. Masima alikuwa dereva wa vikosi vya kupanda utando kwenye mbuga kavu ya magharibi. Miaka sita iliyopita dhoruba ya vumbi iliwakuta huko. Magari matatu yalionekana, na watu wote isipokuwa yeye. Nilijua hayo yote, lakini sikuwahi kuyaunganisha na fagio.

"Wewe ni wa kwetu, nikukumbushe?" alisema kwa upole. "Nyumba ambayo uwanja wake haufagiwi ina nini?"

Nilitazama fagio lililolala miguuni pake.

"Ina msiba," alijijibu. "Mtu akipita njiani akaona majani yamelala mlangoni siku mbili, siku tatu, anaingia kutoa pole. Hahitaji kuuliza. Mimi sina msiba, mwanangu. Masima amesafiri. Siku akitokea pale kwenye kona, kitu cha kwanza atakachoona ni uwanja, na nataka aone kwamba hapa hakuna aliyekufa, mimi wala yeye."

Mtoto wa Mvumi niliyelelewa! Bibi yangu alipofariki tulikaa na majani mlangoni hadi kuku wakatagia humo, na hakuna aliyethubutu kuyagusa. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimezunguka mitaani nikiwafundisha watu kuzipa nyumba zao sura ya matanga, na kwa kuwa wote walikubali, alama ile ikafutika, nami nikasahau kwamba iliwahi kuwepo. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado anaisoma.

Niliona aibu, na bado kijiti changu kilikuwa kinasoma sifuri. Nyumba sita, watu thelathini na mmoja.

*

Bwana Mmbaga, mkuu wetu wa idara, angeweza kuwa mwanangu wa kumzaa. Si mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa makini, na nilipomaliza akafungua droo na kutoa karatasi mbili.

"Hii ni ya kumhamisha," alisema. "Nikiisaini leo, Ijumaa gari litakwenda. Na hii hapa ni nyingine."

Ilikuwa ni fomu ya Sheria ya Waliopotea. Mtu asiyeonekana kwa miaka mitano kamili, baada ya maafa yanayojulikana, anaweza kuandikwa kuwa amefariki. Ndugu wakiomba, sawa. Wasipoomba, idara ya serikali yenye haja inaweza kuomba kwa niaba yao, ilimradi ofisa mmoja ashuhudie.

"Mkuu, unataka nimwue mtoto wa watu ili tupate maji."

"Mama Chidumizi, tusidanganyane. Miaka sita mbugani bila maji. Wewe unaamini yuko hai?"

"Siamini."

"Basi tunamwua nani?" Aliivuta kalamu akaanza kuchora mstari kwenye kiganja chake, kama afanyavyo akipata wazo. "Mama yake akipata cheti atakaa matanga. Akikaa matanga hafagii. Kwa siku ngapi?"

"Arobaini."

"Na utando ukipewa blanketi unahitaji siku ngapi kuunga?"

Alijua jibu, maana kitabu cha mafunzo alikiandika yeye. Nilijibu hata hivyo. "Arobaini."

"Unaona?" Alifurahi kwelikweli, si kwa ubaya, alifurahi kama mtu aliyepata nati inayoingia kwenye boliti ya zamani. "Anabaki kwenye nyumba yake. Majirani wanapata maji. Naye anapata kulia, mama. Labda anahitaji kulia. Chagua karatasi, mimi zote nitasaini."

Nilikaa nazo mezani kwangu mchana mzima. Maneno ya ushuhuda yalikuwa yameshachapwa: *Nimefanya uchunguzi wa kutosha na sina shaka kwamba mtajwa amefariki dunia.* Sikuwa nimefanya uchunguzi wowote. Sikuwahi hata kufika mbuga ya magharibi. Nilimfikiria yule mama ghorofa ya nne, kwenye dirisha lisiloonyesha barabara. Nikamfikiria Mwanahamisi akirudisha matembele chini. Nikafikiria magoti yangu na Mstari wa Nane, wa Tisa, wa Kumi, iliyonisubiri. Ningependa kusema nilipima haki na dhuluma. Ukweli ni kwamba nilitaka jambo hili liishe. Nikasaini ile ya pili.

*

Nilimpelekea cheti saa nne asubuhi. Alikuwa amemaliza kufagia. Alinawa mikono kwanza, akaifuta kwenye kanga, ndipo akaipokea ile karatasi na kuisoma yote, hata maandishi madogo ya chini.

"Ni jina lako hili? Felista Chidumizi?"

"Ndiyo, mama."

"Umeshuhudia."

"Nimeshuhudia."

"Ulimwona?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa matusi, hata kwa fagio. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa. "Sikumwona, mama. Lakini miaka sita..."

"Nakuuliza kwa sababu wewe umelelewa," alisema. "Mtu aliyelelewa hasemi fulani amekufa kama hajui."

Sikumwambia nilisaini kwa sababu gani. Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nayo, na niliiacha ipite. Kitu fulani kikalegea usoni mwake, mabega yakashuka, akawa mdogo. Akainama, akaokota fagio, akalifungua kamba, na kijiti kimoja kimoja akakitia kwenye moto uliokuwa chini ya sufuria.

"Haya," alisema. "Aliyeleta habari ndiye anayekaa wa kwanza. Tandika mkeka."

Huo nao ni utaratibu wa kwetu, na huo pia nilikuwa nimeusahau. Mleta tanzia haleti na kwenda zake. Anashinda na mfiwa kila siku hadi matanga yaanuliwe. Niliomba likizo, yote niliyokuwa nimeilimbikiza, na kila siku asubuhi nilivua viatu vyangu mlangoni pa Mama Masima nikakaa sakafuni kumlilia mtu niliyemwua kwa kalamu.

*

Majirani walikuja, tena kwa wingi. Sidhani kama walikuja kwa unafiki. Wengi walimjua Masima. Alikuwa akiwapa lifti, akiwabebea magunia. Mwanahamisi alilia hadi sauti ikakauka, yeye aliyekuwa ametaka bibi afukuzwe. Wanawake walileta unga, mkaa, mlenda wa kukausha. Na nilianza kuona kwamba kila aliyekuja na bakuli alikuja pia na kitu kingine kwapani, furushi la mabua, kapu la majani ya mlonge, gunia la pumba, akakimwaga uwanjani pole, kama aliyedondosha kwa bahati mbaya. Hakuna aliyewatuma. Upepo ulileta mengine. Kufikia wiki ya pili mlango ulikuwa umezungukwa na majani hadi kwenye kifundo cha mguu.

Nilipotoka kwenda chooni nilichoma kijiti. Siku ya kumi na mbili kilisoma mbili. Siku ya ishirini na tano, kumi na tisa. Nyuzi nyeupe zilionekana kwa macho ukiinua majani, zikitambaa juu ya udongo ule mwekundu uliokuwa umefagiwa kwa miaka sita bila kukosa siku. Moyo wangu uliruka kwa furaha, nikauzomea.

Mama Masima alilia mara moja tu, siku ya tisa, akimenya kiazi. Baada ya hapo alizungumza. Alinisimulia jinsi Masima alivyochelewa kutembea, alivyokuwa akiogopa bata. Alilala mchana. Alianza kula.

"Nikwambie kitu," alisema siku moja, tumeegemea ukuta. "Nilikuwa nimechoka, na sikujua. Miaka sita ya kuamka kila siku ili mtu asife. Nisingeamka siku moja, angekufa. Ulijua hiyo?"

"Sikujua, mama."

"Karatasi yako imenikata, lakini imenipumzisha. Sasa nataka niyafikishe matanga mwisho, yaanuliwe, nimwache mwanangu alale na mimi nilale. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, lakini moyo nao huchoka. Nikishaanua nitakuwa mama wa marehemu, kama wenzangu. Nitakwenda hata kwenye harusi. Unajua sijaenda harusi tangu aondoke?"

Nilimshika mkono. Nilifikiri: basi Mmbaga alikuwa sahihi, nilichofanya si kibaya sana. Ilikuwa siku nzuri ile, kwa kweli nilipumua.

Wiki hiyohiyo Mmbaga alikuja kutoa pole, amevaa shati jeusi. Alikaa nusu saa kwa heshima zote. Nilipomsindikiza hadi barabarani alisimama, akainua majani kwa ncha ya kiatu, akaona weupe ule chini yake.

"Siku thelathini na moja tu," alisema kwa sauti ya chini. "Mama Chidumizi, nimepitia orodha. Mistari kumi na minne ina wafagiaji sugu. Hebu nisaidie. Wangapi kati yao wana mtu aliyepotea?"

"Sijui, mkuu."

"Utaulizia."

Nilirudi ndani nikakaa. Mama Masima aliniuliza mgeni wangu alikuwa amesema nini, nikamwambia amesema pole.

*

Siku ya thelathini na nane alianza kuhesabu kwa vidole. Nani atapika, nani ataleta kuku, nani atamnyoa nywele.

"Na keshokutwa wanawake watakuja mapema," alisema. "Waambie waje kabla jua halijawa kali, tusiumie kwa kufagia."

"Kufagia?" nilisema.

Alinishangaa. "Matanga yataanuliwaje? Fagio la mfiwa si limechomwa? Kila jirani anakuja na lake. Tunafagia uwanja wote, vumbi lote la msiba linatoka, ndipo watu wanakula. Mwanangu, Mvumi mlifanyaje?"

Mvumi tulifanya hivyohivyo. Niliyaona mafagio ishirini, mwaka aliokufa bibi yangu, na vumbi likipanda hadi juu ya paa, na shangazi zangu wakiimba. Siku arobaini za kitabu cha Mmbaga na siku arobaini za matanga zilikuwa zimeingiana vizuri hivyo, na katika sisi wote, wenye vyeti na wasio na vyeti, hakuna aliyekumbuka kwamba msiba una mwisho, na kwamba mwisho wake ni fagio.

Nilitoka nje nikachoma kijiti. Sitini na moja. Nilishuka hadi nyumba ya kumi na mbili, ya mwisho kabisa. Arobaini na saba. Nikapanda tena hadi nyumba ya tisa, ambako matembele ya Mwanahamisi yalikuwa yametoa majani mapya, laini, ya kuliwa mabichi. Nilikaa kwenye ukingo wa shimo lake la migomba, nikapiga hesabu upya. Masima akiwa amekufa, matanga yanaanuliwa, uwanja unafagiwa. Nikikiri kwamba nilishuhudia nisilolijua, Masima yuko hai, hakuna msiba, uwanja unafagiwa. Kulikuwa na njia moja tu ya utando kuishi, na ilikuwa kwamba yule mama asimalize kulia, maisha.

Nilimpigia Mmbaga. Nikamweleza yote.

"Huko kufagia ni lazima?" aliuliza.

"Ni lazima, mkuu."

"Hawawezi kufagia kidogo tu, mfano, mlangoni?"

"Matanga hayaanuliwi kidogo."

"Basi zungumza na majirani," alisema. "Wao ndio wenye mafagio."

Sikuzungumza na majirani. Hilo naweza kuapa. Mwanahamisi aliniona pale ukingoni, akaniuliza keshokutwa ni saa ngapi, nikamwambia saa moja asubuhi, waje na mafagio. Alijibu "haya," akaendelea kumwagilia maji ya vyombo. Hakunitazama, nami sikumtazama.

*

Asubuhi ya siku ya arobaini nilisimama nyuma ya mlango wa choo changu, ninapoweka fagio langu. Kila mtu analo moja, hata bibi udongo. Nililishika. Lilikuwa jepesi. Nilimwona Mama Masima akicheza harusini. Niliwaona watu thelathini na mmoja wakipakia magodoro kwenye gari. Nikalirudisha, nikachukua kilo mbili za mchele.

Nilimkuta amekwisha kuoga. Alikuwa amevaa kanga mpya, ya manjano, rangi ambayo sikuwahi kumwona nayo, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa kwa mafuta. Mkeka wa msiba alikuwa ameukunja na kuusimamisha ukutani. Alisimama kizingitini, mrefu kuliko nilivyodhani, majani yamemfunika miguu.

Wanawake walikuja kwa wakati. Walitembea pamoja, kumi na moja, mmoja kutoka kila nyumba. Mama Masima aliwaona tangu kwenye kona, akatabasamu.

"Mbukwenyi," alitusalimia kwa Kigogo. Tuliitikia.

Mwanahamisi alikuwa mbele. Alibeba bakuli la matembele kwa mikono yote miwili, mabichi, bado yana maji. Nyuma yake mmoja alikuwa na kuku, mwingine unga, mwingine sufuria kubwa ya kamati ya mazishi ya mtaa, mwingine boga alilolikumbatia kama mtoto. Mikono yote ilikuwa imejaa. Nilimwona Mama Masima akiipitia mikono ile, mmoja baada ya mwingine, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia tena kutoka mwisho hadi mwanzo. Tabasamu lilikaa usoni mwake muda kidogo baada ya yeye mwenyewe kuelewa.

"Mafagio yako wapi?" aliuliza.

Kuku alilia. Mwanahamisi alitazama ndani ya bakuli lake.

"Wewe je, mwanangu?" Aliniuliza mimi. "Uliyeleta habari?"

"Nimesahau, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali jambo aliloelezwa vizuri. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonivunja, kwa sababu ningeweza kuibeba hasira yake. Aliangalia majani miguuni pake, akainama, akayafunua kwa kidole. Ule weupe ulikuwepo, mnene sasa, umelowa. Sijui alijua nini, wala tangu lini. Aliyarudishia majani mahali pake, akayagandamiza kidogo kwa kiganja, jinsi ninavyowafundisha watu.

Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa kanga yake nyeusi ya msiba. Akauchukua mkeka ukutani, akautandika palepale ulipokuwa, akakaa, akanyoosha miguu.

"Msisimame juani," alisema. "Ingieni. Msiba bado upo."

Tukavua viatu, tukakaa.